Steshenari Isiyo na Jina Mjini Morogoro: Tathmini ya Mteja Aliyeitumia Miezi Tisa Akitafuta Kazi

Kwa miezi tisa sasa, ukiacha nyumbani kwangu, hakuna mahali nilipokwenda mara nyingi kuliko steshenari moja ndogo iliyo kwenye uchochoro wa katikati ya mji wa Morogoro, ubavuni mwa ofisi ya wakili. Bango lake halina jina la biashara. Limeandikwa huduma tu, kwa rangi ya bluu iliyoanza kupauka: kopi, printi, skani, picha za pasipoti, maombi ya ajira. Huduma hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu naamini kwamba mtu aliyepoteza kazi akijua namna ya kuitumia steshenari ya aina hii ataepuka makosa mengi ambayo mimi niliyalipia kwa fedha na kwa muda.

Nilikuwa mtakwimu katika mradi wa afya uliokuwa ukisaidia kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, zile tunazoziita CTC. Mwanzoni mwa mwaka 2025, fedha za misaada ya nje ziliposimamishwa, miradi mingi ya aina hiyo ilifungwa au ilipunguza watumishi, na wetu ukawa mmojawapo. Nilipewa barua, nikakabidhi kompyuta mpakato na kitambulisho, nikarudi nyumbani. Wiki za mwanzo niliziishi vibaya. Nilikuwa naamka saa nne, natoka jioni tu ili majirani wasiniulize mbona siku hizi siendi kazini, na maombi niliyotuma kwa simu yalikuwa ya kubahatisha, yakiwa na vyeti nilivyovipiga picha mezani huku kivuli cha mkono wangu kikiwa kimelala juu ya muhuri. Mke wangu ndiye aliyenielekeza hapo. Alikuwa amekwenda kutoa kopi za mitihani ya shule anayofundisha, akaona watu wameketi kwenye benchi la nje wakisomeana matangazo ya kazi.

Mwenye duka ni dada wa makamo, na ana msaidizi mmoja. Kuna kompyuta tatu, mashine moja kubwa ya kopi na skana ya kulaza karatasi. Siku ya kwanza nilimkabidhi bahasha yangu ya kaki, ile ile niliyokuwa nimeizungusha mjini kwa wiki nzima. Alivitoa vyeti kimoja kimoja, akafuta kioo cha skana kwa kitambaa alichokuwa amekifunga kwenye mguu wa meza, akakilaza cheti cha kidato cha nne, akakitazama kwenye skrini, akatikisa kichwa. “Kaka, namba ya cheti imekatwa hapa pembeni. Turudie.” Tulirudia mara tatu. Kisha akahakikisha kwamba faili si zito kupita kiasi kinachokubaliwa na mfumo, akalipatia jina linaloeleweka, na akanitaka nilifungue mwenyewe nisome kila mstari kabla hajahamia cheti kingine. Kurasa sita zilituchukua karibu saa nzima. Nilikuwa nimezoea maduka ambako mtu hupewa flashi yake na kuambiwa tayari, naye hugundua akiwa nyumbani kwamba ukurasa wa pili wa matokeo ya chuo umegeuka juu chini.

Uangalifu huo una uzito mkubwa kwa anayeomba kazi serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo maombi yake hupitia mfumo wa Ajira Portal, hurudia masharti yale yale: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kwenye utumishi wa umma, aambatishe cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na mwanasheria, aweke wasifu wenye anwani na namba za simu zinazopatikana, pamoja na wadhamini watatu wa kuaminika, na barua ya maombi iwe imesainiwa. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti, na matokeo ya muda ya chuo hayapokelewi pia. Nimemshuhudia zaidi ya mara moja mhitimu akigundua siku ya mwisho ya maombi kwamba alichokitunza miaka yote ni hati ya matokeo, cheti chenyewe bado kipo shuleni alikosoma, mkoa mwingine kabisa. Dada huyu huyauliza hayo kabla hajawasha skana. Ndiyo maana wakili wa jirani na yeye wanapelekeana wateja, na kwa mara ya kwanza niliweza kumaliza muhuri, kopi na skani katika asubuhi moja bila kupanda bodaboda.

Kilichonifanya nirudi, hata hivyo, ni maswali aliyoniuliza kuhusu wasifu wangu. Nilikuwa nimeandika kwamba nilihusika na ukusanyaji na uchambuzi wa takwimu, sentensi ambayo kila mtakwimu nchini anaweza kuiandika. Aliisoma, akanigeukia, akasema, “Kwani ulikuwa unafanya nini hasa ukifika kazini asubuhi?” Nikamweleza kwamba nilikuwa na vituo kumi na moja, kwamba nilipita kwenye rejesta za wagonjwa kulinganisha kilichoandikwa kwa mkono na kilichoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kwamba vituo viwili vilivyokuwa vikichelewesha taarifa kila mwezi viliacha kuchelewa baada ya mimi kukaa na wahudumu wake na kupanga upya siku za kujaza fomu. “Basi andika hivyo,” akasema. Si mtaalamu wa ajira, na hakuwahi kudai kuwa hivyo. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi amesoma wasifu za watu wengi akiwa anazichapa, akajua ipi inamwonyesha mtu na ipi inamficha. Wasifu wangu ulipungua kutoka kurasa nne hadi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe barua nilisoma habari zangu mwenyewe bila kujisikia mnyonge.

Kuhusu bei, skani ni shilingi 500 kwa ukurasa, printi 200, kopi 100, na kukaa kwenye kompyuta yenye intaneti ni 1,000 kwa saa. Siku ile ya kwanza nililipa 3,000 kwa skani za vyeti, lakini tangu hapo kila ombi jipya hunigharimu takribani 1,700, kwa kuwa vyeti viko tayari na kinachobaki ni kuchapa barua, kuisaini, kuiskani na kutumia saa moja ya intaneti. Kwa mtu asiye na mshahara kiasi hicho si kidogo, hasa anapotuma maombi manne au matano kwa mwezi. Ukitaka msaidizi akujazie fomu yote kuanzia mwanzo, utaongeza 5,000. Ninashauri usilipe fedha hiyo zaidi ya mara moja. Kaa naye, mtazame anavyofanya, ombi linalofuata ujaze mwenyewe, kwa sababu ukiitwa kwenye usaili utaulizwa juu ya taarifa zilizo kwenye akaunti yako, na nimekutana na vijana ambao hawajui hata nenosiri la akaunti zao.

Kuna daftari kubwa la jalada gumu kwenye kaunta. Kila asubuhi msaidizi huandika matangazo mapya aliyoyaona: taasisi, nafasi, sifa na tarehe ya mwisho. Wateja wa kila siku nao huongeza ya kwao, pamoja na nafasi ndogo ambazo hazifiki kwenye mitandao, kama shule binafsi inayotafuta mwalimu wa hesabu au ghala linalotaka mtunza stoo wa miezi mitatu. Watu wengine hudhani kwamba anayetafuta kazi huficha tangazo ili apunguze washindani. Kwenye benchi lile sikuliona jambo hilo. Mwezi Machi 2025 nilikuta kundi likitafuta majina yao kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo kwa nafasi 1,596 ilikuwa imepokea maombi 135,027. Ni zaidi ya waombaji 84 kwa kila nafasi. Aliyepata jina lake alipongezwa na wote, na aliyelikosa hakuachwa aondoke peke yake. Nilijifunza pale kwamba kutoitwa hakukuwa na maana kwamba mtu hafai, kwa kuwa wengi niliowaona wakikosa nafasi walikuwa na sifa zote zilizotakiwa.

Kwenye benchi hilo ndiko nilikosikia pia kuhusu fao la upotevu wa ajira. Nilikuwa nimechangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa miaka mitano bila kujua kwamba fao hilo lipo. Kwa mwanachama ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na aliyechangia kwa angalau miezi 18, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara, na hulipwa kwa muda usiozidi miezi sita. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa mradi mwingine alinieleza taratibu zake hatua kwa hatua, nami nikatoa kopi za barua ya kuachishwa kazi na nyaraka nyingine pale pale. Theluthi ya mshahara haiwezi kulipa ada ya shule, lakini ilinilipia kodi ya nyumba, na zaidi ya yote ilinizuia nisikubali kazi ya kwanza iliyonijia kwa hofu ya njaa. Natamani kila mwajiri angelitaja fao hilo kwenye barua ile ile ya kumwachisha kazi mtumishi.

Matumizi yangu ya duka hili yalibadilika kuanzia mwezi wa nne. Dada aliniruhusu nilipie saa za asubuhi kwa bei ya chini, kuanzia saa mbili hadi saa nne, wakati wateja bado ni wachache. Saa hizo nilizitumia kusoma kozi ya msingi ya DHIS2 inayotolewa bure kwa njia ya intaneti na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambako mfumo huo unaendelezwa. Nilikuwa nimeutumia mfumo kwa miaka mitano nikijua vipande vile tu ambavyo kazi yangu ilivihitaji. Kozi ilinifundisha sehemu ambazo zamani nilikuwa nikimpigia simu mtu wa makao makuu anisaidie. Alasiri mbili kwa wiki nilianza kujitolea kwenye kituo kimoja cha afya, wao wakinilipia nauli, nami nikiwasaidia kusafisha takwimu za kliniki ya mama na mtoto. Kujitolea huko kumenipa kitu ambacho vyeti haviwezi kunipa: mdhamini anayeniona nikifanya kazi leo, anayeweza kupokea simu na kusema ninafanya nini, badala ya bosi wa mradi uliofungwa ambaye naye yuko mtaani akitafuta kazi.

Napenda kulisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona wenzangu waliokaa mwaka mzima wakingoja tangazo moja kubwa. Pengo kwenye wasifu si aibu, lakini msaili atauliza ulifanya nini katika kipindi hicho, na ni vyema jibu liwe la kweli na liwe na mtu wa kulithibitisha.

Sasa niseme yale ambayo hayakuniridhisha. La kwanza ni zito. Mwezi Juni nilihamia kwenye kompyuta ya tatu baada ya ile ninayoitumia kuharibika, na kwenye skrini nikakuta mafaili ya watu yamepangwa safu kwa safu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, barua za maombi, wasifu zenye namba za simu na majina ya wadhamini. Changu cha kuzaliwa kilikuwemo. Mtu yeyote aliyelipa shilingi 1,000 angeweza kuvinakili vyote kwenye flashi yake akaondoka navyo, na mwenye vyeti asingejua hadi siku anaposikia kwamba kuna laini ya simu au mkopo kwa jina lake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na duka linaloshika vyeti vya watu kila siku linapaswa kujua kwamba wajibu huo unalihusu. Nilimwita dada pembeni nikamwonyesha. Alinyamaza kidogo, akaomba radhi, na jioni ile ile wakaanza utaratibu wa kufuta mafaili yote kabla ya kufunga duka. Nimekagua mara kadhaa tangu hapo na kwa kawaida hukuta pamesafishwa, ingawa mara mbili nilikuta faili moja moja limesahauliwa. Usitegemee utaratibu wao peke yake. Kabla hujainuka kwenye kiti, futa mafaili yako, yafute pia kwenye kapu la takataka la kompyuta, na utoke kwenye akaunti zako zote.

La pili ni barua za mfano. Msaidizi ana barua moja ambayo humpa kila anayesema hajui kuandika barua ya maombi, naye mteja hubadilisha jina, tarehe na nafasi. Niliitumia kwa maombi matatu ya mwanzo. Katika moja kati ya hayo, lililokwenda kwenye kampuni binafsi, nilibadilisha kichwa cha barua nikasahau aya ya mwisho, nayo ikabaki ikisema kwamba ningefurahi kutumikia kama mhasibu. Nilikuja kuliona kosa hilo wiki mbili baadaye. Baada ya hapo niliandika barua yangu kuanzia sentensi ya kwanza, nikiwa na tangazo mbele yangu, nikijibu kila sifa iliyotajwa kwa jambo nililowahi kulifanya. Barua ya mfano inafaa kumwonyesha mtu mahali pa kuweka anwani na tarehe. Maneno ni lazima yawe yako, na naamini duka lingewasaidia wateja zaidi kama lingewapa kiunzi kitupu badala ya barua iliyojaa.

Umeme ukikatika hakuna jenereta, na siku ya mwisho ya tangazo kubwa foleni hufika barabarani, intaneti ikawa nzito kiasi kwamba ukurasa mmoja huchukua dakika kumi kufunguka.

Kwa kulinganisha, nimewahi kulipa fedha nyingi zaidi kwa huduma mbaya zaidi. Kabla sijalijua duka hili, mtu mmoja aliyejitambulisha kama wakala wa ajira alinitoza 60,000 kwa ahadi ya kuniunganisha na mradi mpya, akanitumia barua yenye nembo iliyofifia, kisha simu yake ikawa haipatikani. Sekretarieti ya Ajira imekuwa ikiwaonya wananchi dhidi ya matapeli wanaodai fedha ili wawapatie ajira serikalini, na onyo hilo linapaswa kuchukuliwa vivyo hivyo kwa sekta binafsi. Dada wa steshenari alipoisikia habari yangu alibandika karatasi ukutani, juu ya mashine ya kopi, kwa herufi kubwa: HAPA TUNASKANI, HATUUZI KAZI. Karatasi hiyo bado ipo.

Mwezi Septemba niliitwa kwenye usaili Dodoma. Jioni tatu kabla ya safari, watu wanne wa benchi walinikalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya duka na kuniuliza maswali kwa zamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakinikatiza kila nilipozunguka jibu. Yule mzee dereva ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Nilipanda treni ya mwendokasi alfajiri nikiwa na vyeti halisi kwenye bahasha mpya, nikapita usaili wa mchujo wa kuandika, nikafika kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la kaunta nikaandika maswali yote niliyoyakumbuka, na wawili waliofuata mwezi Novemba waliyasoma kabla ya kwenda. Mmoja wao ameanza kazi.

Mimi, ninapoandika haya, nina mkataba wa miezi minne wa kusafisha takwimu kwenye kituo kile nilichokuwa nikijitolea, na ninaendelea kutuma maombi. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukienda kwa mara ya kwanza, chagua Jumanne au Jumatano mapema, beba vyeti halisi na flashi yako mwenyewe, na uliombe lile daftari usome matangazo kabla hujalipia kompyuta.